Filimbi Yangu Ililia Kwanza

Vijana wa kikosi mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, muweke kwenye kabati la chumba cha chai pamoja na vile vikombe ambavyo hamvioshi. Nimekubali, ila sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini, maana hayo hayajawahi kumfundisha mtu kuzima moto. Nitaandika kuhusu pumzi. Na kwa kuwa siwezi kuandika kuhusu pumzi bila kumtaja Bakari Nambunga, nitaandika kuhusu wivu pia, na mwenye kutaka kunicheka anicheke akiwa amekaa.

Kwa msomaji asiyekijua kikosi chetu, ni kile kidogo kinacholinda yadi za makontena na maghala ya watu binafsi pale Kurasini. Hatuna makuu. Tuna magari mawili, mnara wa mazoezi uliojengwa kwa makontena machakavu yaliyopandanishwa, na chumba cha kukaushia mipira ya maji. Moto wa Kurasini una tabia zake, kwa sababu hujui kontena limebeba nini mpaka lianze kunuka. Nimezima mitumba, korosho, matairi, na siku moja shehena nzima ya vitana vya plastiki.

Siku ya kwanza tuliripoti wawili. Mimi, Yona Mkumbo, nimetoka Singida, mkoa ambao watu wa Dar wanaujua kwa kuku na kwa wakimbiaji. Kuku sikuja nao, ila mbio nilikuwa nazo; shuleni nilishinda mbio ndefu mpaka mwalimu wa michezo akachoka kunipigia makofi. Mwenzangu alikuwa Bakari, Mmakonde wa Newala, mnene kidogo kiunoni, amekaa kwenye benchi anatafuna ming'oko, vile viazi pori vya kwao, aliyofungiwa na shangazi yake wa Buguruni. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu hamalizi wiki. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya kwanza kazini, na kama mtakavyoona, ilikuwa mbovu.

Aliyetupokea ni Bi Mwantumu, mwanamke wa Temeke, mfupi, mwenye uwezo wa kumwita mtu aliye upande wa pili wa yadi bila kipaza sauti. Yeye ndiye alikuwa mshika ubao. Ubao wenyewe mnaujua, hata kama wenu siku hizi una taa. Kila anayeingia kwenye moshi anamwachia mshika ubao kibati chenye jina lake, anamsomea hewa iliyomo kwenye mtungi wake, na mshika ubao anapiga hesabu ya muda alio nao mtu huyo.

"Ukishanipa kibati, pumzi yako siyo yako tena," alituambia. "Ni yangu mpaka utoke. Tumeelewana, wanangu?"

Tukasema tumeelewana.

"Na huo mtungi msije mkauita wa oksijeni kama wanavyoandika kwenye magazeti. Humo mna hewa hii hii ya Kurasini, imechujwa ikabanwa. Kuivuta kwa ubahili au kwa fujo, shauri yenu. Na hicho kitufe chekundu kwenye barakoa msikiguse. Kinamwaga hewa moja kwa moja usoni, ni cha siku barakoa imegoma. Ukikichezea, mtungi unakwisha hivi hivi unauona."

Akatueleza habari ya filimbi. Mtungi ukikaribia kuisha, filimbi ndogo iliyofungwa kwenye mkanda wa begani inalia yenyewe. Mnaingia wawili na mnatoka wawili, kwa hiyo ikilia ya yeyote, wote mnageuka. Maana yake muda wenu ndani ya moto unaamuliwa na yule anayehema zaidi, na mwenzake anatoka na hewa iliyobaki, amenuna au ametulia, kutegemea alivyolelewa. Kisha ilikuwapo desturi ambayo Bi Mwantumu hakutueleza, tuliikuta. Ambaye filimbi yake imelia kwanza ndiye anayeosha mipira ya wote wawili na kuitundika. Mpira uliolala kwenye tope la moto ni mzito, na pale pa kuoshea ndipo anapopita kila anayekwenda kantini. Ukiosha, unaonekana.

Siku ile ile tulipandishwa mnarani, mpira begani, moshi wa mazoezi umejaa ndani. Mimi nilipanda kwa kasi ili nionekane mtu wa Singida. Bakari alipanda kama anayekwenda kuamsha mgeni. Filimbi yangu ililia tukiwa hata hatujafika juu. Nikaosha mipira, na yeye akaja kusimama karibu na ming'oko yake.

"Pole, kaka," akasema. "Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Baada ya hapo nilijifunza. Nilijifunza kuhema polepole, kutoa pumzi ndefu kuliko ninayovuta, kupanda ngazi bila papara. Na nilikimbia. Kila alfajiri nilitoka nyumbani Mtoni nikafuata barabara ya Kilwa hadi Mbagala Rangi Tatu na kurudi, mvua isipokuwa ya kubomoa nyumba. Kwa miaka yetu ya ujana tukawa sawa, leo inalia yake, kesho yangu, na mimi nikaona hiyo ni haki yangu. Kilichonikera ni kwamba kuwa sawa kulinigharimu usingizi wangu wote, na yeye hakukumgharimu kitu. Mazoezi ya Bakari yalikuwa kuvuka barabara pale Buguruni kwenda kununua mihogo.

Hapo lazima niwaeleze kuingia ndani ni nini, maana nyinyi mna kamera zinazoona kwenye moshi na mnaweza kudhani kazi ni kuangalia kioo. Sisi tulikuwa tunaingia kwa kushika mpira kwa mkono mmoja na kupapasa kwa mwingine. Kuingia ndiyo ilikuwa kazi. Aliye nje anafanya jambo la maana, nakubali, lakini sijawahi kusikia mtoto anawaringia wenzake shuleni kwamba baba yake anashika ubao. Kuna mlinzi mmoja tulimtoa kwenye ofisi ya ghala, amezimia nyuma ya meza. Tulimbeba wawili, mimi nimeshika mabega ambayo ndiyo mazito, Bakari ameshika miguu. Bakari alikuwa na tabia ya kuimba kwa puani akiwa kwenye barakoa, nyimbo za ngoma za kwao, na mlinzi yule alipopata nafuu alikumbuka sauti ile tu. Akaleta jogoo kituoni kumshukuru aliyekuwa anaimba. Jogoo kapewa Mmakonde, na mimi wa Singida nimesimama pale.

Nilipovuka umri wa miaka arobaini, filimbi yangu ikaanza kuwahi. Mwanzoni nilisema ni mtungi. Nikabadilisha mtungi. Nikasema ni barakoa inavuja, fundi akaipima akanirudishia huku ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikaongeza mbio, nikaacha chumvi, nikaacha hata ile bia moja ya Jumamosi, ambayo haikuwa imemkosea mtu. Filimbi ikaendelea kuwahi, mara kwa mara, halafu karibu kila mara, na mimi nikawa mwosha mipira wa kikosi. Bakari akitoka nje nilikuwa nachungulia geji ya mtungi wake kabla hata sijavua barakoa. Nilikuta ana hewa ya kutosha kurudi ndani. Nilimwonea wivu, na siyo ule wa kutaniana. Nilikuwa nikilala namsikia anavyohema, taratibu, kama mtu anayesoma gazeti.

Mwaka mmoja kampuni ikatupeleka kupimwa, siyo kuulizwa tu kama tunakohoa. Walikuwa na mashine ya kukimbilia, na barakoa inayopima oksijeni unayovuta na unayorudisha, ili ijulikane mwili umebakiza kiasi gani kwa kazi yake. Daktari alikuwa dada mdogo, Daktari Neema, mpole, lakini mashine yake haikuwa na upole. Alinikimbiza mpaka nikainua mkono. Kisha akaniketisha.

"Baba, uko vizuri sana kwa umri wako," akasema.

"Hayo maneno ya mwisho yaondoe, halafu rudia."

Akacheka. Akanieleza kwa kunichorea kwenye karatasi. Kila mtu ana kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia akifanya kazi ya kukata pumzi. Akakiita dari. Dari hiyo ukishapita ujana inaanza kushuka, na kadiri umri unavyokwenda inashuka kwa haraka zaidi. Moyo hauwezi tena kupiga kwa kasi uliyoweza zamani, na kasi hiyo hakuna mazoezi yanayoirudisha. Damu inayosukumwa kwenda kwenye misuli inapungua, misuli yenyewe inapungua, na iliyobaki inachota oksijeni kidogo kuliko zamani. Kifua nacho kinakuwa kigumu kutanuka.

"Lakini mimi nakimbia kila siku," nikamwambia.

"Ndiyo maana dari yako haijashuka sana. Usingekimbia, kazi hii ungeshaiacha."

"Mbona namaliza mtungi haraka, na mpira ninaobeba ni ule ule?"

"Ndiyo, ni ule ule, na kuupandisha kunadai oksijeni karibu ile ile kwa kijana na kwa mzee. Ila kwa kijana hiyo ni nusu ya uwezo wake. Kwako iko karibu na dari. Na mtu akikaribia dari anaanza kuhema kwa fujo, anavuta hewa nyingi kuliko faida anayopata. Mtungi hauna habari na umri wako, unahesabu unavyohema."

Nikamuuliza kuhusu Bakari, ambaye tuliajiriwa siku moja, hakimbii, hafungi mdomo. Akasema matokeo ya mtu mwingine hawezi kunipa. Lakini akaongeza kwamba wapo watu wanaozaliwa na dari ya juu, wala hawajafanya lolote kuistahili. "Yao nayo inashuka, baba, kama ya kila mtu," akasema. "Tofauti ni kwamba walianzia juu." Nilipotoka nikamkuta Bakari kwenye korido anakula sambusa, naye ndiyo kwanza ameshuka kwenye ile mashine.

"Wamekwambiaje?" akaniuliza.

"Niko vizuri. Na wewe?"

"Mie wamesema nipunguze sambusa."

Nilirudi Mtoni nikiwa na maneno mawili ya daktari, na mtanisamehe nikisema yote mawili yalinifaa. La kwanza ni kwamba siyo uzembe wangu. La pili ni kwamba yake nayo inashuka. Nikaamua kuisubiri ishuke.

Ila mkuu wa kikosi hakuwa na subira yangu. Alikuwa mpya, na alipokuja tu akatangaza kwamba kwenye zoezi la mwaka, mtu ambaye filimbi yake italia kabla jozi haijafika juu ya mnara na kushuka, atatolewa kwenye kuingia na atapelekwa ubaoni au kwenye pampu. Alikuwa na haki. Moto hauwezi kumsubiri mzee aheme vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimeingia kwenye moshi tangu sina ndevu, na sikujua ningekuwa nani nikibaki nje. Mke wangu aliniambia, "Yona, utakuwa mume wangu, kwani ulikuwa nani?" Ni jibu zuri, ila halikunisaidia usiku ule.

Nikaongeza mbio. Siku ya zoezi ikafika, tukaingia na Bakari, pampu zinanguruma chini, moshi wa mazoezi umejaa, nami nilianza kuhema mapema kuliko mwaka uliopita. Tukafika juu. Tukaanza kushuka. Nilikuwa nimeshakubali, nasubiri tu sauti ile begani, na sauti ikatokea, nikasimama. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bakari, na ngazi tulikuwa tumeshazimaliza, tuko karibu na mlango, kwa hiyo wote wawili tukapita.

Sijui niwaeleze vipi furaha ile. Bakari aliosha mipira watu wote wakiwa wanakwenda kula, na mimi nilijipitisha pale mara kadhaa bila shughuli yoyote ya maana. Nikamwambia, "Umri, kaka, umri." Akasema, "Ndiyo hivyo, mtu wa kuku, umenipata." Nyumbani nilimwambia mke wangu habari ile wakati wa kula, na nikairudia wakati wa kulala. Nilimhurumia hata Bakari. Nilikuwa na nafasi ya kumhurumia mtu, kitu ambacho sikuwa nacho kwa muda mrefu.

Kisha likaungua ghala la magodoro. Ilikuwa Ijumaa mchana, watu ndiyo wanatoka kuswali. Moshi wa magodoro ni mweusi na mzito, na godoro likiungua hutupa vipande vinavyonata. Ilisemekana kuna mfanyakazi hajaonekana, kwa hiyo tukaingia, mimi mbele nimeshika bomba, Bakari nyuma yangu anaimba kwa puani kama kawaida yake. Marobota yalikuwa yameanza kuanguka, tukawa tunavuta mpira juu ya rundo, tunashuka, tunavuta tena. Pumzi ikanikaba. Nilijisikia nikihema ndani ya barakoa, na nikajua filimbi yangu iko karibu sana.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, kama tairi la baiskeli linalotolewa upepo. Ikaendelea. Niligeuka nikamshika Bakari kifuani nikidhani mpira wake wa hewa umepasuka, na mkono wangu ukakuta mkono wake, na mkono wake uko kwenye kitufe chekundu. Akautoa haraka. Sauti ikakoma. Punde kidogo filimbi yake ikaanza kulia, akanigonga bega tutoke.

Tukageuka kufuata mpira. Tulipofika kwenye lile rundo tukakuta limebomoka juu ya mpira, na ilibidi tunyanyue robota moja baada ya jingine kwa mikono. Filimbi yangu nayo ikalia hapo. Tukanyanyua. Nikaona kitu kimepungua na sikujua ni nini, mpaka nilipotambua kwamba Bakari haimbi. Nilimpapasa usoni, barakoa yake imemnata kwenye mashavu. Alikuwa anavuta na hakuna kinachokuja. Nikamshika mkanda nikamsukuma mbele yangu kwenye upenyo tuliokuwa tumepata, nikapita naye, nikamburuta hadi kwenye mwanga. Bi Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni, kibati cha kila mmoja wetu kimo mkononi mwake. Yule mfanyakazi, kwa taarifa yenu, alikuwa msikitini.

Bakari alilala chali kwenye lami mpaka rangi yake ikarudi. Jioni akakataa kupumzika. Nikamkuta pale pa kuoshea, kwa sababu filimbi yake ndiyo iliyolia kwanza, na kwake desturi ni desturi.

"Ulikifungua kitufe," nikamwambia.

Akaendelea kusugua. "Kitufe gani?"

"Bakari."

"Kaka, mie nilisikia unavyohema. Yako ingelia muda ule ule, na mkuu yuko nje na masikio yake, yako anaihesabu hata motoni. Kesho uko ubaoni. Wewe ubaoni utakufa kwa kihoro, nakujua."

"Na kule mnarani?"

Akageuza mpira upande wa pili.

"Na kule mnarani, Bakari?"

"Na kule mnarani," akasema. "Sasa ulitaka nifanyeje? Ulikuwa umekonda, hata shemeji aliniambia hulali."

Mtu mwema angefikiria kwanza kwamba mwenzake amekaribia kufa. Mimi nilifikiria kwanza kwamba ushindi wangu wa mnarani nilipewa. Halafu nikafikiria hewa. Mimi hewa hiyo nimeitafuta kila alfajiri kwenye barabara ya Kilwa, mbwa wa Mbagala wote wananijua, na mtu huyu anayo nyingi kiasi cha kuigawa kama pilau la maulidi. Wivu ulinipanda mpaka masikioni. Nilipofika kwenye la tatu, kwamba alikuwa amelala chali kwenye lami kwa ajili yangu, ndipo nikakaa chini kwenye ukingo wa karo.

"Ungekufa ningemwambia nini mkeo?" nikamuuliza.

"Ungemwambia nimekufa nikikuoshea mipira."

"Mie sicheki."

"Najua," akasema. "Hata mie sicheki. Nilipoona haiji tena, niliogopa sana, Yona."

Nilikwenda kwa Bi Mwantumu, ambaye alikuwa anafuta ubao.

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Naomba nije ubaoni."

"Marahaba. Umeumia?"

"Hapana. Filimbi yangu ndiyo inayolia kwanza."

"Ya leo ilikuwa ya Bakari. Nimeisikia mie mwenyewe."

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Akaacha kufuta ubao. Alikuwa anakaribia kustaafu, na sikuwa na haja ya kumweleza zaidi. "Basi njoo Jumatatu," akasema. "Kiti hiki kinaumiza mgongo upande wa kulia. Jizoeze kuegemea kushoto." Kwa mkuu wa kikosi nilipeleka ombi langu bila kumtaja Bakari, na nikawaeleza vijana wote kwa mdomo wangu kwamba sasa mimi ni mtu wa nje. Ndiyo maana nawaandikia hili kwa herufi ninazoweza kuzisoma mwenyewe bila miwani: ukimwonea mwenzako huruma, mwonee akiwa nje. Ndani, iache filimbi iseme ukweli wake.

Sitawadanganya kwamba ubao uliniponya. Miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti kinachoumiza mgongo, Bakari alikuwa ananiletea kibati chake, anaingia na vijana wa kuwazaa, na anatoka, filimbi zilizolia zikiwa za vijana hao. Nilimsomea hewa iliyobaki na meno yamekutana. Alikuwa ananichekea kupitia kioo cha barakoa. Hesabu zake nilizijua kuliko za nyumbani kwangu, na kwa sababu nilikuwa nazisubiri, niliona kabla ya mtu yeyote zilipoanza kubadilika. Mwaka mmoja akatoka na hewa pungufu kidogo. Mwaka uliofuata pungufu zaidi. Daktari Neema hakuwa ameniongopea. Nilimwambia mke wangu, "Imeanza kushuka," akauliza bei ya nini.

Siku yenyewe ilikuwa ya mazoezi, mwaka wetu wa mwisho kazini. Bakari aliingia na Rehema, binti aliyeajiriwa karibuni, mwembamba, na bado ana papara za ngazini. Nilikaa wima. Filimbi ikalia, wakatoka, nikatazama begani kwa Rehema na kumekaa kimya. Ilikuwa ya Bakari, na geji ya Rehema ilikuwa na akiba ya kutosha. Safari hii nilihakikisha. Nilimuuliza Rehema kama amesikia hewa ikimwagika, akasema hakusikia kitu ila mzee kuhema.

Nilikuwa nimeisubiri siku ile muda mrefu kuliko nilivyosubiri kiinua mgongo. Nilijua kitakachofuata, kwa sababu nilikipitia: atabadilisha mtungi, atasema barakoa inavuja, atakonda, hatalala. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumwambia, mengine ya kumfariji na mengine ya kumrudishia lile swali lake la siku ya ming'oko. Nikauacha ubao nikaenda pale pa kuoshea.

Bakari alikuwa amekunja suruali hadi magotini, anasugua mipira miwili, anaimba, na sasa kwa mdomo kabisa. Rehema alitaka kumsaidia akamfukuza akale.

"Imelia ya kwako," nikamwambia.

"Umeisikia, eh?" akasema. "Yule binti ana mapafu, wallahi. Umemwona alivyopanda? Mie nilikuwa nyuma nahema kama ng'ombe." Akacheka mpaka akaacha kusugua. "Afadhali, bwana. Magoti yananiuma tangu mwaka juzi, nilikuwa naona haya kusema. Kibati changu kitundike hapo ubaoni, sikitaki tena. Kantini leo wamepika nini?"

Nilisimama na maneno yangu yote. Nilimtazama usoni nikitafuta donge lolote, hata dogo, la mtu aliyepoteza kitu. Halikuwapo. Alikuwa na njaa tu. Kwa hiyo nikakunja suruali, nikashika upande wa pili wa mpira, tukaukung'uta pamoja na kuutundika, na wanaokwenda kantini wakatuona wote wawili. Bakari alikuwa ameshaanza wimbo mwingine. Hata kwenye kuzeeka alinishinda.